Shajara ya Mradi: Vumbi la Cassiopeia A katika Nuru ya Infraredi

9 Januari

Mradi unaanza rasmi leo, ingawa maandalizi yake yamekuwa yakiendelea kichinichini kwa miezi kadhaa. Swali ni moja: nyota iliyolipuka na kuacha masalia yanayoitwa Cassiopeia A ilitengeneza vumbi kiasi gani? Majibu yaliyokwisha kuchapishwa yanatofautiana mno. Makala ya mwaka 2008, iliyotumia data za darubini ya Spitzer, ilitaja kati ya 0.02 na 0.054 ya masi ya Jua. Ile ya mwaka 2010, iliyotumia darubini ya Herschel, iliona vumbi baridi zaidi lenye masi ya takribani 0.075. Uchambuzi wa mwaka 2017, ambao ulirudia data za Herschel kwa mbinu nyingine, ulifika karibu nusu ya masi ya Jua. Kati ya tarakimu ya kwanza na ya mwisho pana tofauti ya takribani mara kumi au zaidi, na katika miaka hiyo masalia yenyewe hayakuongeza vumbi wala kulipunguza kwa kiasi kinachokaribia hapo. Kilichobadilika ni namna watafiti walivyotenga nuru ya vumbi hilo na nuru nyingine zote zinazofika pamoja nayo. Sikusudii kuongeza jibu la nne juu ya hayo matatu. Nataka kufuata hesabu hatua kwa hatua hadi nione ni wapi zinapoachana.

Swali hili lina uzito kwa sababu galaksi za kale, zilizokuwapo ulimwengu ukiwa bado mchanga, zimeonekana zikiwa na vumbi jingi kuliko inavyotarajiwa. Nyota za kawaida huchukua muda mrefu sana kuzeeka na kupuliza vumbi lake, ilhali nyota kubwa hulipuka baada ya miaka milioni chache tu. Kama milipuko hiyo haitoi vumbi la kutosha, itabidi chanzo kingine kitafutwe.

Kuhusu sababu ya kutumia infraredi: kitu chenye joto la kelvini 100 hung'aa zaidi karibu na urefu wa wimbi wa mikromita 29, na chenye kelvini 30 karibu na mikromita 97. Macho yetu hayafiki huko, na hewa ya Dunia, kwa mvuke wa maji na kaboni dioksidi iliyomo, huzuia sehemu kubwa ya nuru hiyo isifike ardhini. Ndiyo maana data zote za infraredi nitakazotumia zimetoka kwenye darubini zilizopelekwa angani.

17 Januari

Data zote zimekwisha kushushwa kutoka kwenye hifadhi za umma. Nilianza kwa kuangalia ramani za IRAS, darubini ya mwaka 1983 iliyokuwa na kioo cha sentimita 60 na iliyopima karibu anga lote kwa miezi kumi tu, lakini ndani ya ramani hizo Cassiopeia A ni kama doa moja lililovimba. Nitazitumia kwa jambo moja pekee, yaani kuhakiki jumla ya nuru.

Data kuu ni za aina tatu. Spitzer, iliyorushwa mwaka 2003 ikiwa na kioo cha sentimita 85, inanipa ramani ya mikromita 24 pamoja na spektra za eneo zima, yaani nuru iliyotandazwa kwa kufuata urefu wa mawimbi yake. Herschel, yenye kioo cha mita 3.5, iliyofanya kazi kuanzia mwaka 2009 hadi heliamu yake ya kupozea ilipokwisha mwezi Aprili 2013, inanipa mikromita 70, 100, 160, 250, 350 na 500. Webb inanipa picha za mwaka 2022 zilizopigwa na kifaa chake cha MIRI, ambacho hupozwa hadi chini ya kelvini 7 ili joto lake lenyewe lisifunike kinachotafutwa.

Tatizo la kwanza linajulikana kabla hata ya kufungua faili. Masalia haya yana upana wa takribani dakika 5 za tao angani (dakika ya tao ni sehemu ya 60 ya digrii moja, na sekunde ya tao ni sehemu ya 60 ya dakika hiyo). Webb, kwenye mikromita 21, hupambanua vitu vilivyoachana kwa chini ya sekunde moja ya tao. Spitzer, kwenye mikromita 24, inahitaji sekunde 6. Na Herschel, kwenye mikromita 500, inahitaji sekunde 36, kwa hiyo masalia yote yanagawanyika katika madoa manane hivi kutoka ukingo hadi ukingo. Ili kulinganisha, lazima ramani kali zififishwe hadi zilingane na ile hafifu kuliko zote. Inauma kidogo kuichukua picha ya Webb, yenye nyuzi nyembamba zinazoonekana moja moja, na kuisugua hadi iwe kama imetazamwa kupitia kioo chenye ukungu, lakini hesabu za kila pikseli haziwezekani bila hivyo.

28 Januari

Siku nne zimepotea, na nimeamua kueleza zilivyopotea kwa sababu kosa lenyewe lina faida.

Nilififisha picha ya Webb ya mikromita 21 hadi sekunde 6 za tao, kisha nikaiambia programu iiweke juu ya ramani ya Spitzer kwa kufuata mafundo yanayong'aa zaidi katika pete ya masalia. Programu ilikataa kuzilaza vizuri. Kila nilipopatanisha upande wa kaskazini, upande wa kusini uliachana, na kinyume chake. Niliporuhusu programu ibadilishe ukubwa wa picha, ilinijibu kwamba picha ya Webb ni kubwa kwa takribani asilimia 5. Nikashuku kipimo cha pikseli, nikakagua vichwa vya faili zote, nikashusha upya data ambazo hazikuwa na kasoro yoyote, nikamwandikia mwenzangu barua ndefu ya kulalamikia jedwali la viwango.

Jibu lake lilikuwa la sentensi moja: aliniuliza masalia hayo yana umri gani.

Nuru ya mlipuko ule ilifika Duniani mnamo karne ya 17, miaka ipatayo 340 iliyopita. Kati ya data za Spitzer za mwaka 2005 na picha ya Webb ya mwaka 2022 imepita miaka 17, na 17 katika 340 ni asilimia 5 kamili. Picha haikuwa na kosa, masalia yamekua. Hesabu ya njia nyingine inakubali: mafundo yanakimbia kwa kilomita zipatazo 5,000 kila sekunde, na kwa umbali wa miaka nuru 11,000 mwendo huo unaonekana angani kama sekunde 0.3 za tao kwa mwaka, yaani zaidi ya sekunde 5 katika kipindi hicho. Hiyo inakaribia upana mzima wa doa la Spitzer. Nilikuwa nimekijua kila kipande cha hesabu hii kwa miaka mingi, na bado nilitumia siku nne nikitafuta kosa kwenye jedwali.

2 Februari

Sasa picha zinapatanishwa kwa kutumia nyota za nyuma na za mbele ambazo hazihusiani na masalia. Kwenye mikromita 21 nyota hizo ni chache, hivyo nilianza na vichujio vya mawimbi mafupi, ambako ni nyingi, kisha nikahamisha upatanisho huo hadi kwenye mawimbi marefu. Baada ya hapo naikuza ramani ya Spitzer kutoka kitovu cha mlipuko kwa asilimia 5.

9 Februari

Furaha ya wiki iliyopita ilikuwa ya haraka. Ukuzaji wa asilimia 5 unafaa kwa vitu vilivyorushwa na mlipuko wenyewe, lakini ndani ya masalia haya mna vitu ambavyo havikurushwa. Kabla ya kulipuka, nyota ile ilikuwa imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya tabaka zake za nje, na gesi hiyo bado iko pale, ikisogea polepole, hadi wimbi la mshtuko lilipoipitia na kuipasha joto. Mafundo ya aina hiyo yamejulikana tangu zamani katika nuru ya kawaida kwa kuwa karibu hayasogei. Nilipoikuza ramani ya Spitzer, niliyasogeza na hayo pia, nikayaweka mahali ambapo hayapo.

Picha ya Webb iliyotolewa mwezi Aprili 2023 iliongeza jambo hilo kwa kiwango ambacho hakikutarajiwa. Katikati ya masalia, tukiangalia kutoka huku, pametandazwa karatasi ya vumbi yenye matundu ya mviringo, ambayo watafiti waliipa jina la utani la Zimwi la Kijani kwa rangi iliyopewa kwenye picha. Kasi yake ni ndogo, na hivyo inahesabiwa kuwa mali ya gesi iliyotangulia mlipuko. Kwa mradi wangu maana yake iko wazi: vumbi la Zimwi hilo liko ndani ya duara ninalopima, linang'aa katika mikromita zilezile, lakini halikutengenezwa na mlipuko. Likihesabiwa pamoja, jibu linavimba bila haki.

Nimegawa ramani katika sehemu mbili, moja inayokuzwa na nyingine inayobaki palepale. Mpaka kati yake nimeuchora kwa mkono, na siupendi.

21 Februari

Kazi ya wiki hii ni mnururisho wa sinkrotroni, yaani nuru inayotolewa na elektroni zinazozunguka kwa kasi kubwa ndani ya uga wa sumaku. Cassiopeia A ni miongoni mwa vyanzo vikali kuliko vyote angani katika mawimbi ya redio kwa sababu ya nuru hiyo, na mkia wake unafika hadi infraredi. Kwenye mikromita 3.6 nuru nyingi ya masalia ni hiyo. Kwenye mikromita 24 vumbi linaitawala kabisa. Kwenye mikromita 500 inarudi tena kuwa sehemu kubwa ya kinachopimwa.

Njia ya kawaida ni kuchukua vipimo vya redio na kuvivuta hadi infraredi kwa mstari ulionyooka, ukali ukipungua kwa kipeo cha takribani 0.77 kadiri masafa yanavyopanda. Nilijaribu kuona njia hiyo inavumilia kosa kiasi gani. Kutoka redio ya sentimita 30 hadi mikromita 160 ni uwiano wa karibu 1,900, kwa hiyo kosa la 0.02 tu katika kipeo linageuka kuwa asilimia 16 mwishoni. Tena masalia haya yanafifia katika redio kwa karibu theluthi mbili za asilimia moja kila mwaka. Anayechukua kipimo cha redio cha mwaka 1980 na kukiondoa kwenye ramani ya Herschel ya mwaka 2009 bila kurekebisha atakuwa ameondoa nuru nyingi kuliko iliyopo, na vumbi baridi litaonekana kuwa dogo kuliko lilivyo.

Nimerekebisha kila ramani kwa tarehe yake.

8 Machi

Leo nimefika kwenye mistari ya gesi, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nuru ya infraredi inapotoa kile ambacho picha peke yake haitoi.

Kichujio cha picha hakijui tofauti kati ya vumbi linalong'aa mfululizo na ioni, yaani atomi iliyopoteza elektroni, inayotoa nuru kwenye urefu mmoja wa wimbi. Mfano ulio wazi ni arigoni: ioni yake hutoa mstari mkali kwenye mikromita 6.99, na katika Cassiopeia A mstari huo una nguvu kiasi kwamba picha ya kichujio cha mikromita 7.7 inaonyesha arigoni kwa kiwango kikubwa. Anayeipima picha hiyo akidhani ni vumbi tupu anapima gesi bila kujua. Ipo pia neoni kwenye mikromita 12.81, na salfa kwenye 10.51 na 18.71.

Kwenye kichujio cha mikromita 24 cha Spitzer kuna mtego wa namna nyingine. Ukingoni mwa kichujio hicho upo mstari wa oksijeni iliyopoteza elektroni tatu, kwenye mikromita 25.89, na jirani yake kabisa mstari wa chuma kwenye 25.99. Tofauti ya mikromita 0.10 inalingana na kasi ya kilomita 1,100 hivi kwa sekunde, ilhali mafundo ya masalia haya yanakimbia mara kadhaa zaidi ya hapo, mengine yakitujia na mengine yakituacha. Oksijeni inayotuacha kwa kasi hiyo inaketi pale ambapo chuma kilichotulia kingeketi. Spektra hazidanganyi hapo, ila zinajibu maswali mawili kwa sauti moja. Njia ya kuzitenganisha ni kuutafuta mstari mwingine wa chuma kwenye mikromita 17.94: kama upo na una mwendo unaolingana, chuma kipo, kama haupo, mstari ule wa 25.9 niuhesabu kuwa oksijeni. Katika maeneo mengi niliyopitia hadi sasa, ushahidi unaelemea upande wa oksijeni.

Baada ya kuondoa mistari, kinachobaki ni umbo la vumbi lenyewe, nalo lina tabia. Katika pete inayong'aa kuna uvimbe wa pekee karibu na mikromita 21, unaofuatana na arigoni kwa karibu. Uvimbe huo unaelekeza kwenye punje zenye silikoni na oksijeni. Hiyo ndiyo ishara bora niliyo nayo ya kwamba vumbi limezaliwa ndani ya mlipuko, kwa maana arigoni hutoka kwenye matumbo ya nyota, siyo kwenye tabaka zake za nje.

15 Machi

Diski imejaa. Nimefuta matoleo ya kati na kuendelea.

24 Machi

Sasa halijoto, ambayo ndiyo inayotafuna usingizi wangu. Masi ya vumbi hupatikana kwa kugawanya nuru iliyopimwa kwa nuru ambayo kila kilo ya vumbi ingetoa kwenye halijoto hiyo. Kwenye mawimbi marefu kosa la halijoto linasameheka. Kwenye mawimbi mafupi halisameheki: nuru ileile ya mikromita 24, kama nikidhani vumbi lina kelvini 80 na kumbe lina 70, inahitaji karibu mara tatu ya vumbi. Na kuna balaa la pili, kwamba vumbi lenye joto kidogo linaweza kung'aa kuliko vumbi jingi lililo baridi, hivyo wingi wa vumbi unaweza kujificha nyuma ya mng'ao wa kiasi kidogo tu.

Hapo ndipo makala tatu nilizozitaja mwanzoni zinaanza kueleweka. Spitzer haikuweza kuliona vizuri vumbi la kelvini 30 kwa sababu ramani zake bora zinaishia kwenye mawimbi ambako vumbi hilo karibu halitoi kitu. Tarakimu ya mwaka 2008 ni ya vumbi lililopashwa joto, lile lililokwisha kupigwa na wimbi la mshtuko linalorudi kuelekea ndani. Vumbi lililo ndani zaidi, ambalo wimbi hilo halijalifikia, limebaki baridi, na ndilo lililojaza tarakimu ya mwaka 2017. Kwa sehemu hii, basi, tofauti yao si ugomvi. Walipima vitu viwili. Ila vumbi la ndani halijavuka mtihani bado. Wimbi likifika, ioni zenye joto kali zitazigonga punje na kuzimega, na ni sehemu gani itakayobaki hakuna ramani yangu inayoweza kusema.

7 Aprili

Nimeanza kuondoa mandhari ya mbele, na kabla ya kugusa chochote nimesoma upya kisa cha mwaka 2003. Mwaka huo vipimo vya mawimbi ya mikromita 450 na 850 vilitafsiriwa kuwa Cassiopeia A ina masi 2 hadi 4 za Jua za vumbi baridi. Mwaka uliofuata kundi jingine, likitumia Spitzer pamoja na ramani za molekuli, lilionyesha kwamba sehemu kubwa ya nuru hiyo ilitoka kwenye wingu lililoko kati yetu na masalia, ambalo halihusiani nayo hata kidogo. Siwaoni wale wa kwanza kuwa walikosea kwa uzembe. Wingu hilo limelala mbele ya masalia yote, si pembeni, na vumbi lake lina ubaridi unaokaribia ule unaotafutwa.

Shida yangu ni ileile kwa kipimo kidogo. Nikichagua maeneo ya mandhari nje ya masalia upande wa kaskazini, ninaondoa kidogo. Nikichagua kusini na magharibi, ambako wingu ni zito, ninaondoa nyingi, na vumbi baridi linapungua kwa zaidi ya nusu. Hakuna namna ya kulipima wingu hilo mahali penyewe panapohitajika, isipokuwa kwa kufuata molekuli za monoksidi ya kaboni, ambazo kasi yake inaonyesha kipi ni cha mbele, na kudhani kwamba uwiano wa vumbi na gesi haubadiliki kutoka sehemu hadi sehemu. Dhana hiyo nimeiandika kwa wino mwekundu ukurasa wa kwanza wa faili la mradi.

19 Aprili

Jambo ambalo sikulitarajia: mandhari yenyewe inasogea. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba ramani za Spitzer zilizopigwa kwa nyakati tofauti zilionyesha nyuzi za nuru ya infraredi zikihama nje ya Cassiopeia A. Havikuwa vitu vinavyokimbia. Ulikuwa mwangwi wa nuru: mwako wa mlipuko wa karne ya 17, ukisafiri kupita kwenye mawingu ya mbali zaidi, unayapasha joto moja baada ya jingine, nayo yanang'aa kwa muda na kupoa. Mwaka 2008 darubini ya Subaru ilipokea mwangwi wa namna hiyo katika nuru ya kawaida, na spektra yake ikaonyesha kwamba supanova ilikuwa ya aina ya IIb, yaani nyota iliyokuwa imebaki na hidrojeni kidogo tu. Watu walisoma mlipuko ambao hakuna ripoti ya uhakika kwamba uliwahi kuonwa, miaka zaidi ya 300 baada ya nuru yake ya kwanza kupita.

Uzuri wake haunisaidii. Eneo mojawapo nililolichagua kuwa mandhari tulivu katika ramani ya Spitzer limepitiwa na mwangwi huo, kwa hiyo kiasi nilichokiondoa kwenye data za 2005 si kile ninachopaswa kukiondoa kwenye data za 2022. Nimelitupa eneo hilo, na mengine mawili yaliyo kwenye mstari wake.

3 Mei

Hali ya kazi kwa sasa. Nimeendesha hesabu nzima mara tisa, kila mara nikibadilisha uamuzi mmoja na kuacha mingine palepale. Kipeo cha sinkrotroni kinasogeza jibu kidogo kwenye vumbi la joto na kwa kiasi kinachoonekana kwenye vumbi baridi. Aina ya punje, silika au kaboni, inalisogeza zaidi, kwa sababu kila kilo ya punje hizo hutoa nuru tofauti. Mandhari ya mbele inalisogeza kuliko vyote. Mpaka wangu wa mkono kuzunguka Zimwi la Kijani unagusa vumbi la joto tu, tena kwa kiasi kidogo kuliko nilivyohofia, lakini bado nataka mpaka unaotokana na kasi za spektra badala ya jicho langu.

Kwa wiki zijazo nimebakiza maeneo kumi na moja ya spektra ambayo mistari yake haijatenganishwa, mengi yakiwa kaskazini-mashariki, ambako mafundo ya kasi kubwa yamejipanga kama mkondo na mstari wa mikromita 25.9 umetanuka hadi haufanani tena na mstari mmoja. Nitaanza na lile lililo karibu zaidi na kitovu.